Deni na Mawazo: Historia ya Mkulima Mdaiwa katika Bonde la Elmenteita

Nia ya makala haya ni kuichunguza historia ya deni katika mashamba yaliyo kati ya Gilgil na Ziwa Elmenteita, hasa Kariandusi na ujirani wake, na kuonyesha jinsi deni hilo lilivyohusiana na hali ambayo wakulima wenyewe huiita "mawazo". Msomaji wa kamusi atasema kwamba neno hilo lina maana ya fikra tu. Lakini katika Kiswahili cha huko kwetu, mtu akisemwa kuwa ana mawazo, hakusudiwi mwanafalsafa. Anakusudiwa mtu asiyelala usiku, asiyemaliza chakula kilicho mbele yake, anayeitikia salamu baada ya kuamkiwa mara mbili. Ni jina la maradhi, na kama majina mengine ya maradhi lina historia yake.

Kariandusi inajulikana na wasomi kwa sababu nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 L.S.B. Leakey aligundua hapo mashoka ya mawe, mengine yakiwa ya lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, na umri wake hukadiriwa kufikia miaka milioni moja hivi. Karibu na hapo yapo machimbo ya daitomaiti, ule udongo mweupe mwepesi ambao upepo wa kiangazi huupeperusha. Wageni husimama, hutazama mashoka, kisha huendelea na safari yao ya Nakuru. Mimi nilikulia karibu na hapo, na yafaa niseme hivyo mapema ili msomaji ajue kwamba jambo hili siliandiki kwa mbali.

Tuanze na maneno, kwani ndiyo kazi yetu. Deni na rehani ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na yaliingia pamoja na biashara na sheria za Kiislamu zilizoitawala biashara hiyo. Kitenzi kukopa ni cha Kibantu, na kamusi za zamani zilikipa maana mbili zilizokaa pamoja bila kuoneana haya: kuchukua kitu kwa ahadi ya kulipa, na kumtapeli mtu. Bepari, neno ambalo kizazi cha siasa za ujamaa kililifanya tusi, asili yake ni Kigujarati na maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu. Maneno hayo yote yalikuwa yamekomaa pwani kabla reli haijafika Gilgil. Wenye mashamba ya karafuu wa Unguja na Pemba waliyafahamu vizuri: kufikia miaka ya 1930 mashamba mengi yalikuwa yamewekwa rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi, hata serikali ya ulinzi ikalazimika mwaka 1934 kutunga sheria za kuzuia ardhi isiendelee kuwatoka wenyewe kwa ajili ya madeni. Methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga haikubuniwa na watu waliokuwa wakicheza.

Bara mambo yalikuwa tofauti kidogo. Wakikuyu wana neno thiirĩ, nalo lilitumika hasa kwa mbuzi na ng'ombe waliodaiana watu na koo. Deni la namna hiyo liliweza kudumu hata likarithiwa na wana, na kudumu kwake hakukuwa aibu, maana kudaiana kulikuwa njia mojawapo ya kubaki jamaa. Halikuwa na tarehe ya mwisho, wala halikupanda kila mwezi. Deni lenye tarehe na riba lililetwa huku na walowezi, na mdaiwa wa kwanza mkubwa katika bonde hili alikuwa lodi wa Kiingereza.

Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wamaasai. Jina la Elmenteita ni lao, nalo hufasiriwa kuwa ni mahali pa vumbi. Kwa mapatano ya mwaka 1904 walihamishwa kutoka sehemu hizi za Bonde la Ufa hadi Laikipia na kusini, na kwa mapatano ya mwaka 1911 wakaondolewa na huko Laikipia pia. Jambo hili lazima likumbukwe katika kila hesabu ya deni tutakayoifanya baadaye, kwa sababu kitu kilichowekwa rehani katika benki kwa miaka mingi kilikuwa kitu ambacho aliyekiweka hakukinunua kwa aliyekuwa nacho.

Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903. Kondoo wake walikufa kwa sababu udongo ulikosa madini yaliyohitajiwa na miili yao. Ng'ombe wakashikwa na maradhi. Ngano ikaliwa na kutu. Alihamishia ufugaji wake Soysambu, kando ya Elmenteita, ambako malisho yalikuwa mazuri zaidi, na fedha alizozitumia zilitoka katika kuiweka rehani milki ya ukoo wake Uingereza. Alipofariki Novemba 1931 inasemekana mikopo ya benki ambayo hakuilipa ilikuwa karibu nusu milioni ya pauni. Wanahistoria wa walowezi wameisimulia habari hii kama hadithi ya ushujaa. Sikatai kwamba kulikuwa na ushupavu ndani yake. Ninachouliza ni kwa nini mtu mwenye deni la kadiri hiyo aliweza kuwa kiongozi wa nchi, ilhali mwenye deni la shilingi elfu chache, miaka hamsini baadaye, katika bonde lile lile, alikuwa akikwepa njia kubwa asionane na watu.

Jibu limo katika hesabu ya mwaka 1920. Hadi wakati huo fedha ya nchi ilikuwa rupia, na rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza thamani ya rupia ilipanda, na serikali ikaamua kuifunga katika kiwango cha shilingi 2, yaani rupia 10 kwa pauni. Mlowezi aliyekuwa akidaiwa rupia 15,000, ambazo zamani zilikuwa pauni 1,000, aliamka akijikuta anadaiwa pauni 1,500, na mazao yake yalikuwa yakiuzwa kwa pauni London. Deni liliongezeka kwa nusu nzima bila ya yeye kukopa hata senti. Walowezi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini hawakuishia katika kulalamika. Mwaka 1921 waliamua kupunguza mishahara ya wafanyakazi wao Waafrika kwa theluthi moja. Hapo ndipo deni la bwana lilipohamia katika mfuko wa kibarua, ambaye hakuwa amekopa chochote kwa yeyote. Upinzani ulioongozwa na Harry Thuku ulichochewa kwa sehemu kubwa na jambo hilo pamoja na kodi na kipande. Kukamatwa kwake Machi 1922 kuliwaleta watu wengi mbele ya kituo cha polisi Nairobi, na wengi wakauawa kwa risasi. Tunapofundisha habari za Thuku tunataja kipande na kodi, nasi twafanya vyema, rupia tunaisahau.

Nzige na kuporomoka kwa bei za mahindi kuanzia mwaka 1929 kuliwapiga walowezi pigo jingine. Serikali ikaunda Benki ya Ardhi iliyoanza kazi mwaka 1931 ili kuwakopesha na kuyapanga upya madeni yao. Mwafrika hakuwa na nafasi katika benki hiyo, kwani hakuwa na hati ya ardhi ya kuweka rehani. Baadaye, mwaka 1948, kulikuwa na sheria iliyofanya deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 lisiweze kudaiwa mahakamani ila kwa idhini ya serikali. Watungaji walisema ni kumlinda asidanganywe na wenye maduka. Yawezekana. Matokeo yake yalikuwa kwamba kwa mmoja deni lilikuwa chombo cha kuendeshea shamba, na kwa mwingine lilikuwa hatari ambayo akili yake ilidhaniwa haiwezi kuibeba.

Neno "akili" nimelitumia makusudi. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910 ikiwa mahali pa kuwafungia wenye wazimu. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari J.C. Carothers, ambaye mwaka 1953 alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata akaandikia serikali ya Kenya maelezo ya vita vya Mau Mau kana kwamba vilikuwa dalili za ugonjwa. Katika mambo aliyoyadai, moja lilidumu sana vitabuni: kwamba Mwafrika ni nadra kushikwa na huzuni ile kubwa inayomvunja mtu, kwa kuwa hajizoezi kubeba wajibu peke yake wala kujilaumu. Nilikisoma kitabu hicho nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, katika maktaba yenye joto la kutosha, na nikamkumbuka mtu mmoja aliyekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu tangu asubuhi hadi ng'ombe waliporudi.

Kosa la Carothers halikuwa la chuki tu. Lilikuwa kosa la hesabu. Aliwahesabu waliofikishwa Mathari. Nani alifikishwa Mathari? Aliyepiga kelele sokoni, aliyevua nguo, aliyemrukia askari au chifu. Aliyenyamaza hakuletwa na mtu yeyote. Mkulima au kibarua aliyekaa kimya juu ya jiwe hakumsumbua mtu, na serikali ya kikoloni haikuwa na haja na Mwafrika asiyesumbua. Margaret Field, aliyefanya utafiti wake katika mahekalu ya Waashanti wa Ghana na kuuchapisha mwaka 1960, aliwakuta huko wengi wenye huzuni hiyo, hasa wanawake, katika nchi iliyokuwa imegeuzwa na biashara ya kakao na madeni yake. John Orley na J.K. Wing walichapisha mwaka 1979 matokeo ya uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda, nao wakaona huzuni ya namna hiyo ikiwa nyingi kuliko ilivyoonekana katika mtaa mmoja wa London. Ilitosha kwenda nyumbani kwa watu na kuwauliza kwa lugha yao.

Wala ukimya huo haukuwa wa Waafrika peke yao. Galbraith Cole, shemeji yake Delamere, alikuwa na shamba la Kekopey, jirani kabisa na Kariandusi. Huyu ndiye aliyemuua Mwafrika aliyemshuku kuwa mwizi wa kondoo, akaachiliwa na baraza la wazungu wenzake, kisha mwaka 1911 serikali ikamfukuza nchini kwa muda. Mwaka 1929, akiwa ameteswa miaka mingi na maradhi ya viungo na macho yake yakififia, alijiua. Sitaki kulifanya jambo hilo kuwa tukio la deni, halikuwa hivyo. Nalitaja kwa sababu wazee wa Kikopey hulisimulia hadi leo, na hulisimulia kwa huruma ambayo msikilizaji hakuitarajia, ilhali wanapofika kwa jirani yao wenyewe aliyekufa kifo hicho hicho hupunguza sauti na kubadilisha mazungumzo.

Sasa tuje kwenye uhuru. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikuwa umekwisha kusema kwamba Mwafrika apewe hati ya ardhi ili aweze kuiweka rehani na kukopa. Mipango ya makazi iliyoanza miaka ya mwanzo ya 1960 iliutimiza mwelekeo huo kwa njia ya ajabu: ardhi ya walowezi ilinunuliwa kwa fedha zilizokopwa Uingereza na kwingineko, na mkulima aliyepewa kipande chake alikipokea pamoja na deni, mara nyingi la miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5, na juu yake mkopo mwingine wa ng'ombe na mbegu. Bildad Kaggia alisema kwamba watu hawapaswi kuuziwa ardhi iliyochukuliwa bure. Aliuacha unaibu waziri mwaka 1964, na mwaka 1965 Jomo Kenyatta akamsimanga hadharani kwamba hakujijengea chochote. Mabishano hayo huelezwa kwa kawaida kama ya watu wawili au ya mirengo miwili ya siasa. Kwa mkulima yalikuwa na maana iliyo wazi zaidi: je, nikishindwa kulipa, mimi ni mvivu, au ni mtu anayetozwa mara ya pili? Serikali ilichagua jibu la kwanza, na wakulima wengi, jambo la kusikitisha, wakaliamini. Hata Kaggia, yafaa kuongeza, hakuwa na jibu jepesi la kumpa Mmaasai.

Waliokosa nafasi katika mipango ya serikali walijiunga na makampuni na vyama vya ushirika vya kununua mashamba. Kekopey lenyewe liliuzwa kwa ushirika wa wakulima katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, likagawanywa. Wanasayansi wanalikumbuka shamba hilo kwa sababu ya nyani: Shirley Strum, Mmarekani, alikuwa akiwachunguza hapo tangu mwaka 1972, na wakulima walipofika wakapanda mahindi, nyani wakayala. Mwaka 1984 makundi hayo yalihamishiwa Laikipia kwa magari, baada ya maandalizi mengi na gharama kubwa. Mwaka huo huo ulikuwa wa ukame mkali. Wakulima hawakuhamishiwa popote. Nchi ile ni ya malisho; mvua yake huzuiwa na milima, na mahindi hukomaa mwaka mmoja na kukauka miwili. Mlowezi mwenye maelfu ya ekari aliweza kulisha ng'ombe juu yake. Mwenye ekari tatu aliambiwa na vitabu vya wizara apande, na akapanda.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na hisa, akapata kipande, na baadaye akachukua mkopo ambao mkopeshaji wake sitamtaja. Barua za mkopeshaji zililetwa kwa Kiingereza. Baba alijua Kikuyu, Kiswahili, na Kimaasai cha kutosha kuuza mbuzi, Kiingereza hakukijua. Mimi nilikuwa darasa la sita, kwa hiyo nikawa mkalimani. Nilisimama mbele yake na kumfasiria kwamba riba imeongezwa juu ya riba, kwamba ana siku 90, kwamba shamba litatangazwa mnadani. Neno la "malimbikizo" sikulijua wakati huo, nikasema "pesa za nyuma". Mwishoni mwa kila barua palikuwa na maneno ya adabu ambayo niliyafasiri kama nilivyofundishwa: "Wako mwaminifu."

"Mwaminifu kwa nani?" baba aliuliza.

"Kwako, Baba. Ndivyo ilivyoandikwa."

Hakucheka. Kuanzia barua ya tatu hakuuliza neno. Mama aliwaambia majirani kwamba baba anafikiria sana, na majirani wakaelewa mara moja, wakaanza kupita jioni mmoja mmoja, bila kutaja deni, wakizungumza habari za mvua na ng'ombe hadi usiku. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa nikiona matibabu. Washona wa Zimbabwe wana kitenzi kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, ambacho kwa viambishi vyake wanaisimu wa Kibantu wataona undugu wake na lugha zetu. Na daktari Dixon Chibanda tangu mwaka 2006 amewafunza akina bibi wa Harare kukaa na wenye hali hiyo katika benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Kwetu hapakuwa na benchi, palikuwa na lile jiwe.

Sheria haikuona hivyo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa mkoloni, kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili, na kwa hiyo familia iliyomwokoa mtu wake ilikuwa na sababu ya kumficha hata kwa daktari. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Chifu mmoja wa upande wetu, nilipomtajia uamuzi huo, alikuwa bado hajausikia.

Lugha ya deni, kwa upande wake, imeendelea kukua. Mkopeshaji wa mjini Gilgil au Nakuru huitwa shailoki, jina lililotoka kwa Shakespeare, na nadhani wengi walitamkao hawajui kwamba Julius Nyerere aliifasiri tamthilia yenyewe kwa jina la Mabepari wa Venisi. Tangu mwaka 2012 mkulima aweza kukopa kwa simu kupitia huduma iitwayo M-Shwari. Shwari ni bahari isiyo na mawimbi. Tangu mwaka 2019 ipo Fuliza, na kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kupumzika. Aliyechagua majina hayo anakijua Kiswahili vizuri, pengine kuliko sisi tunaokifundisha. Ujumbe wa kudai nao sasa huweza kuja kwa Kiswahili, na hauhitaji mtoto wa kuusoma. Humfikia mtu akiwa shambani peke yake.

Baba aliuza sehemu ya shamba, ile iliyokuwa karibu na maji, akamaliza deni lake. Baada ya wiki chache ililetwa barua nyingine, nyembamba kuliko zile. Aliitia katika kopo la kahawa pamoja na nyingine bila kuifungua, wala hakuniita niisome. Kopo hilo ninalo mimi sasa.